Joto Lililotekwa Nje



Mlipotuandikia mkituomba tuwaeleze maisha ya huku ng'ambo, mliweka swali moja ambalo lilitunyamazisha kwa muda: je, ni kweli kwamba tumenunua mashine inayopasha nyumba joto kwa hewa ya baridi, na kwamba serikali ndiyo iliyotulazimisha? Sehemu ya kwanza ni kweli. Sehemu ya pili ni uongo, na uongo huo ulitoka kwetu. Tunaomba kuwajibu yote mawili, kwa sababu hayatenganiki.

Tunaishi karibu na mji wa Liège, mashariki mwa Ubelgiji, katika nyumba ya matofali iliyojengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ninyi wa Lubumbashi mnaijua baridi ya Juni na Julai, wakati familia inapoizunguka mbabula jioni. Lakini baridi ile hutoweka jua likipanda. Ya huku hubisha hodi mwezi wa Oktoba na kuaga mwezi wa Aprili. Katika chumba cha chini ya nyumba tulikuwa na tanuru kuukuu la mazutu. Lilipasha maji, nayo maji yakazunguka katika vyuma vilivyofungwa ukutani kwa kila chumba. Kwa mwaka lilikula lita 2200 hivi. Lilipiga kelele, lilinuka, lakini lilikuwa bado halijafa. Mlikumbuke jambo hilo.

Mashine iliyolirithi si muujiza, wala si ngeni kwenu. Aliyewahi kupitisha mkono nyuma ya friji inayofanya kazi amekwisha kukutana nayo. Friji haitengenezi baridi. Inateka joto lililomo katika chakula na kulitupa mgongoni mwake. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: inateka joto lililo nje na kulimwaga ndani ya nyumba. Mtauliza, kama tulivyouliza sisi, ni joto gani linalopatikana nje wakati maji ya ndoo yameganda. Hewa tunayoiita baridi bado ina joto jingi, kwani baridi kamili, ambapo hakuna joto la kuteka tena, iko digrii 273 chini ya sifuri. Ndani ya mashine yetu mna propani, ambayo ikiachwa wazi huchemka kwenye digrii 42 chini ya sifuri. Kwa kitu cha namna hiyo, asubuhi ya digrii 5 chini ya sifuri ni kama jiko. Feni huvuta hewa. Propani huchemka na kuwa mvuke, ikibeba joto la hewa hiyo. Kompresa huubana mvuke hadi unawaka moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi mwa anayejaza upepo. Kisha mvuke huyapa maji ya nyumba moto wake, hurudi kuwa kimiminika, hupita penye tundu dogo, hupoa, na safari huanza upya.

Wazo hilo ni la zamani. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852, na mwaka 1938 jumba la halmashauri ya mji wa Zurich, huko Uswisi, lilikuwa likipata joto lililotekwa katika maji ya mto Limmat. Mabomba ya ndani ya mashine ni ya shaba. Fundi alipoyafungua tulisogea tukayagusa, sisi tuliozaliwa katika mkoa ambao kuanzia 1971 hadi 1997 uliitwa Shaba.

Umeme, basi, hapa ni mpagazi tu. Kwa kilowati-saa moja anayolipwa, anaweza kuleta tatu za joto au zaidi. Lakini mpagazi huchoka kadiri mlima unavyoinuka. Mkimtaka apashe maji hadi digrii 35, anakwenda akiimba; mkimtaka afike 60 wakati nje ni barafu, anataka ujira maradufu. Hili hatukulijua tulipotia sahihi, na aliyetuuzia hakuona haja ya kutuambia.

Sasa tuje kwenye aibu yetu. Mwezi wa Septemba, dada yetu mkubwa, ambaye sote tunamwita Yaya, alituandikia kutukumbusha ahadi. Binti yake alikuwa amepata diploma ya serikali, nasi tulikuwa tumeahidi dola 900 za mwaka wake wa kwanza katika chuo cha ufundi. Juma lilelile fundi mmoja alikuja na karatasi ya bei: Euro 14500, yenye punguzo linaloisha mwisho wa mwezi. Msaada wa fedha wa mkoa ungekuja baadaye, lakini arbuni ya Euro 4000 ilitakiwa papo hapo. Jirani wa upande wa pili alikuwa amekwisha kufunga mashine ya namna hiyo, na hatutaficha kwamba tulipenda kuwa kama yeye. Tukalipa arbuni. Kwa Yaya tukasema serikali ya huku imetulazimisha kubadilisha tanuru na mikono yetu imefungwa. Hakuna aliyetulazimisha. Ng'ambo hufanya uongo wa namna hiyo kuwa rahisi: anayesikiliza simu hana njia ya kuja kuchungulia.

Fundi yule alikaa nyumbani dakika 20. Alisoma kibao cha tanuru kuukuu, akaona kilowati 25, akatuuzia pampu ya kilowati 16. Hakupanda darini. Angepanda, angekuta vigae vikiwa uchi, hakuna kitu kati yake na dari ya vyumba vya watoto. Akaweka mashine ua wa nyuma, akaamuru maji yawe digrii 60, kwa kuwa, alisema, vyuma vya zamani vinapenda moto, kisha akaenda zake.

Juma la kwanza tulifurahi sana. Kulikuwa na kichekesho hata: alfajiri moja mzee jirani aligonga mlango akiwa na nguo za kulalia, akipiga kelele kwamba nyumba yetu inaungua. Ilikuwa mvuke tu. Barafu inapoziba mgongo wa mashine, yenyewe hugeuza safari yake kwa dakika chache ili kujiyeyusha, na mvuke hupanda juu kama moshi wa sufuria.

Mwezi wa Januari ikaja karatasi ya umeme: Euro 780 kwa miezi miwili. Wakati ule kilowati-saa ya umeme ilitugharimu karibu mara tatu ya ile ya mazutu, na mpagazi wetu alikuwa akipandishwa mlima usiku na mchana. Tukaogopa, tukaanza kuzima mashine usiku. Asubuhi vyumba vilikuwa na digrii 13. Watoto walikunywa chai wakiwa na makoti, nasi tuliepuka kutazamana. Fundi hakupokea simu zetu tena.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa makamo, mkaguzi wa nyumba, ambaye jambo la kwanza aliloomba ni ngazi. Alishuka darini na utandobui kichwani, akaketi mezani na kalamu. Lita 2200 za mazutu, alisema, ni kama kilowati-saa 22000. Nyumba hii haijawahi kuhitaji zaidi ya kilowati 9 hata siku ya baridi kuliko zote, na ikifunikwa juu, 7 zinatosha. Pampu yenu ni kubwa mno, inawaka na kuzimika kama gari lililonaswa katika msongamano. Kuibadilisha ilikuwa hasara juu ya hasara. Basi alishusha maji hadi digrii 42, akatushauri tubadilishe vyuma viwili vya ukutani kwa vipana zaidi, akatukataza kabisa kuzima usiku, kwani nyumba iliyopoa hudai deni lake lote asubuhi kwa wakati mmoja. Na darini tukatandaza pamba ya kioo yenye kina cha sentimita 25, kwa mikono yetu wenyewe, tukijikuna siku tatu.

Majira ya baridi yaliyofuata mashine ilitumia kilowati-saa 5000 hivi, nasi tulilipa pungufu kidogo kuliko enzi za mazutu. Lakini sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitoka darini, kwenye pamba ambayo gharama yake haikufikia hata nusu ya arbuni tuliyotoa Septemba ile. Mama mkaguzi alitueleza bila kuzungusha: nyumba hufunikwa kwanza, kisha ndipo mashine ndogo inachaguliwa. Tanuru lingesubiri. Lingesubiri mwaka mzima, na dola 900 zingekwenda zilikoahidiwa.

Mtoto wetu hakusubiriwa na chuo. Mwaka ule aliuza unga pamoja na mama yake.

Tulikiri mwezi wa Juni. Tulipiga simu jioni, nao walikuwa wamekusanyika penye mbabula. Tulisikia Mama akikohoa kwa moshi wa makala. Aliuliza habari za mashine. Tukaeleza kwamba inateka joto nje, kwenye baridi. Alicheka, akasema, “Basi mnamwibia maskini.” Baada ya kicheko hicho hatukuweza kuendelea kudanganya. Tulisema yote: punguzo, arbuni, jirani, serikali ambayo haikutulazimisha. Yaya alikaa kimya muda mrefu hata tukadhani simu imekatika. Kisha akasema, “Mngesema tu.”

Fedha zilikwenda Septemba iliyofuata. Binti alichagua elektromekaniki, na wenzake wa darasa la zamani wamemtangulia mwaka mmoja. Kuhusu mwaka huo hajatuambia neno. Mwezi uliopita alituomba picha ya kibao cha pampu, tukamtumia, tukijivuna kidogo kwa sababu ya namba 4,7 iliyoandikwa pale. Jibu lilikuja usiku uleule:

“Baba mdogo, Mama mdogo, shikamoni. Hiyo 4,7 imepimwa nje kukiwa na digrii 7 na maji yakiwa 35. Maji yenu mlisema ni 42. Usiku wa Januari nje kwenu ni digrii ngapi? Nisomeeni mita ya umeme kila juma, pamoja na baridi ya siku hiyo, niwachoree hesabu ya kweli.”

Tumenunua daftari. Kila Jumamosi asubuhi mmoja wetu anashuka chini kusoma mita, mwingine anatoka uani kutazama kipimajoto.