Saa za Babu Katika Nyumba ya Chai

Nilikua nikiitamani nyumba ya mzungu wa chai. Ilikuwa juu ya kilima, hapa Kericho, na paa lake la vigae vya mbao, dohani la mawe na bustani ya maua. Sisi watoto wa laini, yaani makazi ya vibarua, tuliitazama kutoka bondeni tukiamini kwamba huko ndiko watu walikojua kuishi.

Babu yangu alikuwa boi katika nyumba hiyo miaka ya 1940. Ndiye aliyenibadilisha, na hakunihubiria. Alinisimulia tu siku ya bwana wake, saa kwa saa. Saa kumi na moja alfajiri babu alikwisha kuwasha kuni chini ya pipa la maji ya kuoga. Kabla hakujapambazuka alimpelekea bwana chai kitandani. Bwana alitoka kusikiliza nyapara akiita majina ya vibarua, akazunguka mashamba, akarudi saa tatu kula mayai. Halafu ofisi, chakula cha mchana, usingizi. Alasiri mzani na kiwanda, kisha kuoga na wiski. Jumamosi ilikuwa ya klabu na tenisi, na Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia.

Babu hakumchukia. Alisema yule mtu alikuwa mpweke, watoto wake wako shuleni Uingereza, na mvua ya mawe ikishapiga chai alikuwa hasemezeki. Namwamini babu. Lakini katika siku ile hapakuwa na saa iliyopita bila mtu mwingine kuilipia kwa usingizi wake au mgongo wake. Tena ardhi yenyewe ilikuwa ya Wakipsigis. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliikata ikawapa maafisa wa jeshi waliojeruhiwa. Kilimo chao cha kitani kikawashinda, na kampuni za chai zikaingia miaka ya 1920. Babu aliyeimimina chai ile kila alfajiri hakuruhusiwa kupanda mche hata mmoja. Waafrika walianza kukubaliwa kuilima miaka ya 1950.

Leo nina shamba langu la chai na wachumaji wangu, na hamu ya ile nyumba imeniisha kabisa. Asubuhi tunakunywa chai pamoja ndipo tuingie shambani. Mvua ikija, sote tunajikinga chini ya paa moja. Mkulima mwenzangu unayesubiri bonasi, anza na mzani: mwache mchumaji asome kilo zake kwa macho yake mwenyewe.