Sakafu ya Chumba cha Chini

Sisi tuliotoka pwani tukahamia Kanada, wengi wetu hatukuzaliwa katika nyumba zenye chumba chini ya ardhi. Kwetu msingi ni msingi, haukaliwi. Basi tuliponunua nyumba kuukuu mjini Toronto, iliyojengwa mwaka 1956, nikakiona kile chumba kikubwa cha chini, nilinuia kiwe mahali petu pa kusalia, na darasa la Kurani la watoto siku za Jumamosi. Kilichobaki ni kuitandika sakafu yake, nayo ilikuwa saruji tupu, baridi mno.

Mama yangu, ambaye magoti yake hayampi raha, alipotakwa shauri aliinama kwa taabu, akaigusa sakafu kwa kiganja, akasema, "Mwanangu, hii inatoka jasho. Tandika mikeka tu." Nikaona haya. Wageni waje kwangu wakute mikeka, kana kwamba sina kitu? Nikenda dukani nikanunua zulia nene, likagundishwa toka ukuta hadi ukuta. Muuzaji hakuniuliza ni sakafu ya juu au ya chini ya ardhi. Na mimi, kusema kweli, sikutaka kuulizwa.

Lilipendeza mpaka kiangazi kilipoingia. Hapo chumba kikaanza kunuka kama nguo iliyokunjwa mbichi. Sisi tukafukiza ubani! Mwanangu mdogo akawa hakosi kikohozi kila atokapo darasani, hata usiku mmoja pumu ikambana, tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza mtoto anacheza wapi. Niliporudi nilishuka peke yangu, nikakata pembe ya zulia kwa kisu. Chini yake koga ilikuwa imetanda nyeusi, na saruji imelowa.

Ndipo nikajifunza niliyopasa kuyajua kabla. Saruji ina vitundu vidogo sana, navyo huvuta maji ya ardhini kama utambi uvutavyo mafuta. Siku hizi mafundi hutandaza plastiki kabla ya kuimimina; nyumba nyingi za zama zile hazina. Tena wakati wa joto, hewa yenye unyevu ikiigusa sakafu baridi hufanya matone, kama gilasi ya maji ya barafu. Zulia likiwa juu, maji yale hayana pa kwendea.

Fundi mmoja mzee alinionyesha namna ya kupima. Hukatwa plastiki ya inchi 18 kila upande, ikabandikwa kwa utepe pande zote nne, ikaachwa siku mbili. Matone yakiwa chini yake, maji yatoka ardhini; yakiwa juu yake, ni ya hewani. Yetu yalikuwa chini. Mbao akazikataa papo hapo, maana huvimba na kupinda. Rangi nzito ya epoksi, akasema, hubambuka unyevu ukiisukuma kutoka chini. Vinaili haiozi, bali uvundo waweza kufichama chini yake. Tukachagua vigae vya kauri vilivyoshikwa kwa saruji yake, kwa kuwa havina cha kuoza. Lakini kwanza tukatengeneza mifereji ya paa ili mvua imwagike mbali na ukuta, tukanunua na mashine ya kukausha hewa, nasi hujitahidi unyevu usipite asilimia 50.

Katika stoo ya pembeni palikuwa na vigae vya kale, vyeusi, vya inchi 9. Nilikwisha kushika patasi nivibandue, fundi akanishika mkono. Kipande kilipopelekwa kupimwa, kilikutwa na asbestosi, ambayo vumbi lake likivutwa pumzini huleta maradhi mabaya ya mapafu, hata saratani. Kwa kuwa vilikuwa vizima, tuliviacha vilivyo, tukavifunika bila ya kuvivunja. Nikikumbuka ile patasi, na watoto juu, mwili hunisisimka.

Sasa juu ya vigae imo mikeka ya ukindu, na Mama ana godoro lake dogo la kukalia. Mikeka huinuliwa kila wiki, ikapigwa hewa. Mwanangu amerudi darasani. Mama hajalitaja lile zulia hata mara moja; siku ya kwanza tu aliinama tena, akakitua kiganja chake sakafuni, akakitazama, kisha akaomba aletewe msahafu wake.