Muulizeni Anayeitumia Mashine

Mwandishi wa makala haya amestaafu. Alitimiza miaka 60, akakabidhi vifaa vya karakana, akasaini fomu ya makabidhiano na kuondoka katika shirika la umma alilolitumikia tangu enzi za taipureta. Wiki hiyohiyo, mashine za fotokopi alizozihudumia kwa miaka zilipakiwa kwenye gari kwenda kwenye mnada wa mali chakavu. Hakuna aliyezifungua kuangalia kilichobaki ndani. Hilo ndilo lililomkalisha chini akaandika, na ameamua kujieleza kama anayeeleza habari za mtu mwingine, ili hasira isimtangulie.

Utoto wake hauna mengi. Alizaliwa Tanga, akakulia Ngamiani, mtoto wa karani wa shamba la mkonge aliyekuwa akiandika kwa mkono hesabu za marobota. Akaja Dar es Salaam kujifunza ufundi Chang'ombe, kisha akapokelewa katika karakana ya taipureta Kariakoo. Kompyuta zilikuwa adimu. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na kwa miaka mingi baada ya hapo kazi ya ofisi ilibaki kwenye Olympia, Olivetti na mashine ya kudurufu ya Gestetner, yenye wino mweusi usiotoka kwenye kucha hata kwa mafuta ya taa.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee kutoka Pemba, sasa ni marehemu. Mzee huyu hakumruhusu mwanafunzi kugusa bisibisi kabla hajazungumza na katibu muhtasi anayeitumia mashine. Herufi inagoma asubuhi au jioni? Inagoma ukiandika haraka, au hata polepole? Nani mwingine huikalia mashine hii wewe ukiwa likizo? Majibu yakipatikana, nusu ya kazi imekwisha. Na kabla fundi hajafunga mkoba wake, katibu muhtasi alitakiwa kuandika ukurasa mzima mbele yake. Ukurasa ukitoka safi, malipo yanapokewa. Ukitoka na dosari, fundi anavua saa yake tena na kuanza upya, hata kama daladala ya mwisho inaondoka.

Kanuni hiyo aliibeba hadi kwenye shirika la umma, na kutoka taipureta hadi kwenye fotokopi. Ipo mbinu moja ambayo bado anaigombea na vijana, nayo ni kuisoma karatasi kabla ya kufungua mashine. Chukua kopi yenye doa linalojirudia. Pima kwa rula kutoka doa moja hadi jingine. Likijirudia kila milimita 94, usihangaike na rola za kuvuta karatasi. Tazama kwanza dramu yenye kipenyo cha milimita 30, kwa sababu mzingo wake ni hizo milimita 94. Umbali ukiwa mwingine, tafuta rola ambayo mzingo wake unalingana nao. Mstari mweusi ulionyooka toka juu hadi chini, unaoonekana tu unapotumia trei ya juu inayovuta karatasi yenyewe, mara nyingi ni tone la gundi au la wino wa kusahihishia lililoganda kwenye kile kioo chembamba cha pembeni. Kitambaa safi kinamaliza shida. Ameona vijana wakiagiza dramu mpya ya bei kubwa kwa doa kama hilo, kwa sababu hawakuwa na rula mfukoni. Huo ni uharibifu wa fedha za umma, na hataacha kuusema.

Kisha zikaja zama za mtandao. Mashine ya fotokopi ikawa printa, ikawa skana, ikawa na anwani yake kwenye mtandao wa ofisi, na pamoja nayo kikaja kitengo cha usalama wa mifumo.

Kazi ya kitengo hicho ni ya lazima, na mwandishi anataka jambo hilo lieleweke kabla ya mengine. Tarehe 12 Mei 2017 shambulio la WannaCry lilienea duniani kwa saa chache, likafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali nyingi za huduma ya afya ya umma Uingereza ziliahirisha miadi na upasuaji. Kirusi kile kilipita kwenye udhaifu wa SMB toleo la 1, utaratibu wa zamani ambao kompyuta za Windows zilitumia kupeana mafaili. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi mwaka huo. Kuanzia Oktoba, toleo jipya la Windows 10 likaanza kuachana na SMB 1. Mtu yeyote mwenye dhamana ya seva alipaswa kuufunga mlango huo. Fundi hakuwahi kupinga kufungwa kwake.

Alichokipinga ni namna ulivyofungwa. Asubuhi moja karani wa masijala, ghorofa ya pili, alimpigia simu: "Fundi, mashine inatoa kopi vizuri, lakini nikiskani haipeleki kitu kwenye folda." Alipanda. Mbele ya mashine palikuwa na rundo la majalada ya watumishi wa mikoani yaliyosubiri kuskaniwa. Alijaribu mwenyewe: karatasi zikavutwa moja baada ya nyingine, taa ikapita chini ya kioo, kisha skrini ikaandika kwamba imeshindwa kuunganishwa. Akachapisha ripoti ya mipangilio. Waya ulikuwa mzima, anwani ni ileile, jina la folda ni lilelile. Kilichobadilika ni seva: usiku wa kuamkia siku ile ilikuwa imeacha kupokea SMB toleo la 1, na mashine ile haikujua toleo jingine. Hakukuwa na tangazo, dokezo wala simu.

Akashuka hadi kwa afisa usalama wa mifumo, kijana msomi na mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefunga njia ya skana."

"Nimefunga tishio, mzee. Mashine zile ni za kizamani."

"Watu wa masijala wafanye kazi kwa njia gani leo?"

"Watazoea."

Neno hilo lilimuuma kuliko yote aliyosikia katika utumishi wake. Kwa kweli watu walizoea, ila walichokizoea hakikuwa kile alichokidhani kijana. Ndani ya wiki hiyo majalada ya watumishi yalikuwa yanapigwa picha kwa simu na kutumwa WhatsApp. Hati za malipo zilibebwa na mhudumu hadi steshenari ya nje ya geti, zikaskaniwa kwenye kompyuta ambayo kila mpita njia huchomeka fleshi yake, zikarudi kwa baruapepe binafsi. Barua zenye mhuri wa siri zilibaki kwenye kompyuta ya kijana wa steshenari ambaye hakuwa na kosa lolote, kwa kuwa yeye aliletewa kazi akaifanya. Kabla njia ya skana haijafungwa, karatasi hizo zilikuwa hazitoki nje ya jengo. Kwenye ripoti ya kitengo, hata hivyo, hatari ilikuwa imepungua.

Watafiti walikwisha kuliona jambo hili. Mwaka 1999 Anne Adams na Angela Sasse wa University College London walichapisha utafiti kuhusu manenosiri kazini, wakaonyesha kwamba wafanyakazi hukwepa kanuni za usalama pale zinapogongana na kazi yao, na kwamba idara za usalama hazikuwa zikizungumza nao vya kutosha. Hata suala la kubadilisha nenosiri kila baada ya miezi michache, lililowafanya makatibu muhtasi wabandike vikaratasi chini ya kibodi, lilikuja kuachwa na wakubwa wenyewe. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo mpya mwaka 2017 ukisema watumiaji wasilazimishwe kubadilisha kwa kufuata kalenda, bali pale panapokuwa na dalili kwamba siri imevuja. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa zamani wa mwaka 2003, alikiri hadharani kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Ofisini kwa fundi kanuni ya zamani iliendelea miaka kadhaa baada ya hapo, na aliyeuliza sababu alijibiwa kuwa ndiyo sera.

Fundi hakuishia kulalamika. Aliandika dokezo kwa njia za kawaida, akipitisha kwa mkuu wake. Alipendekeza mambo matatu: mashine mpya kidogo ziwekewe programu endeshi mpya ya mtengenezaji inayoelewa SMB toleo la 2, zile ambazo haziwezi zipeleke skani kwa baruapepe ya ndani, na fotokopi zote ziwekwe kwenye kipande chake cha mtandao, zisionane na kompyuta za watumishi. Aliambatisha orodha ya mashine, ghorofa kwa ghorofa. Hakuna uvumbuzi hapo. Ndani ya Microsoft kwenyewe, mtaalamu Ned Pyle, aliyekuwa akiwasihi watu waachane na SMB 1 tangu mwaka 2016, alikusanya na kuweka hadharani orodha ya bidhaa zilizokuwa bado zinaihitaji, zikiwemo printa na fotokopi, ili mafundi wajue nini kitakufa mlango ukifungwa. Huyo alitaka kuufunga kuliko mtu yeyote, na bado alitaja kwanza nani ataumia.

Dokezo lilikaa. Baadaye mapendekezo yaleyale yalitoka kama mpango wa kitengo, yakiwa na nembo na jina la mtu mwingine. Skana zikarudi kufanya kazi. Fundi hakuomba kutajwa, wala hataji leo jina la aliyelichukua. Nakala ya dokezo lenye tarehe anayo nyumbani.

Wakati wa mvutano ule aliwahi kuambiwa kikaoni kwamba mambo ya printa ni madogo, watu wa usalama wana mambo makubwa. Basi na watazame Dhaka. Februari 2016 wezi waliingia kwenye mifumo ya Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma amri za kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka kwenye akaunti yake iliyoko Benki ya Akiba ya Shirikisho ya New York. Ndani ya benki ya Dhaka palikuwa na printa iliyochapisha mchana na usiku miamala ya SWIFT, mtandao ambao mabenki hutumia kupeana amri za malipo. Wezi waliizima. Asubuhi ya Ijumaa wafanyakazi walikuta trei haina karatasi iliyochapwa, wakadhani ni hitilafu ya kawaida kama zile walizozizoea. Walipoifufua, ilitoa maswali ya New York kuhusu amri ambazo wao hawakuzituma. Amri nyingi zilizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Benki Kuu nzima, na dalili ya kwanza iliyoonekana kwa macho ilikuwa printa isiyochapa. Laiti hitilafu za printa zingekuwa zinachunguzwa siku zote kwa uzito, ile moja ingejitofautisha.

Sasa tuje kwenye mashine zilizopelekwa mnadani.

Fotokopi kubwa za ofisi zilizotengenezwa tangu miaka ya mwanzo ya 2000 nyingi zina diski ngumu ndani yake, sawa na ya kompyuta. Kurasa zinazoskaniwa, kufotokopiwa au kuchapwa huweza kupita na kubaki humo, isipokuwa kama mashine imewekewa utaratibu wa kufuta na kusimba. Mwaka 2010 waandishi wa CBS wa Marekani walinunua fotokopi zilizotumika, wakatoa kwenye diski zake nyaraka za polisi na za wagonjwa. Mojawapo ilikuwa imetumiwa na kampuni ya bima ya afya, Affinity Health Plan, ambayo ilirudisha mashine za kukodi bila kufuta diski. Mwaka 2013 ikakubali kulipa dola 1,215,780 kumaliza shauri hilo na serikali. Fundi aliyaeleza hayo ofisini mara kwa mara. Kitengo kilichofunga kila tundu la fleshi, kilichomzuia mhasibu kuchomeka kipanya chake mwenyewe, hakikuwahi kutuma mtu kutazama diski iliyolala nyuma ya kifuniko chenye skrubu mbili, ikiwa na kurasa za mishahara, vyeti vya kuzaliwa, fomu za matibabu na kumbukumbu za nidhamu.

Siku ya kukabidhi alimkumbusha mkuu wa kitengo. Akaambiwa fotokopi si kompyuta, haimo kwenye rejista yao ya vifaa. Gari likaondoka.

Vijana mnaolinda mifumo, mna elimu ambayo kizazi cha mwandishi huyu hakikuipata, na adui mnayepambana naye ni wa kweli. Pandeni ghorofa ya pili. Kaeni na karani wa masijala asubuhi nzima kabla ya kufunga chochote, mmuulize anafanya nini, na mkishafunga rudini mwone anafanya kwa njia gani. Ingizeni kila fotokopi na printa kwenye rejista yenu.

Na wakuu wa taasisi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi nchini tangu tarehe 1 Mei 2023, na anayewajibika kwa taarifa za watu ni taasisi inayozishika. Kabla ya mnada ujao, mwiteni fundi aitoe diski mezani, mbele ya mkaguzi wa ndani na afisa usalama wa mifumo, iharibiwe na fomu isainiwe na wote watatu.