Binti alipoisugua sarafu ya baba

KATIKA nyumba moja ya New Jersey, Marekani, kulikuwa na droo ambayo mtoto hakuruhusiwa kuifungua. Humo baba, mzaliwa wa Shinyanga anayefanya kazi ya ulinzi usiku, alihifadhi sarafu za shaba zilizotengenezwa kabla Marekani haijawa na kiwanda cha taifa cha sarafu.

Ya kwanza aliinunua kwa dola 80 kwa muuza vitu vya kale. Upande mmoja ina kichwa cha farasi, na chini yake plau. Plau ndiyo iliyomvuta. Alikua akilima kwa plau nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na hakutegemea kuikuta kwenye pesa ya Wazungu ya mwaka 1787.

Akaanza kusoma. Akajua kwamba baada ya uhuru majimbo kama Connecticut, Massachusetts na New Jersey yalitoa sarafu zake yenyewe. Hata Vermont, ambayo wakati huo haikuwa bado jimbo la Marekani, ilitoa zake. Mwaka 1786 bunge la New Jersey liliidhinisha sarafu milioni 3. Sheria ya kuanzisha kiwanda cha taifa ilikuja mwaka 1792.

Kila Jumapili, siku yake pekee ya mapumziko, alijifungia chumbani na lenzi yake. Binti yao wa miaka 9 akichungulia, jibu lilikuwa lile lile: "Haya si mambo ya watoto."

Siku ya kuzaliwa kwa baba, binti alimletea ile sarafu ya farasi ikiwa kwenye kitambaa. Iling'aa kama sufuria mpya. Alikuwa ameisugua kwa ndimu, chumvi na dodoki la chuma.

"Baba, nimekusafishia."

Baba alifoka. Kila anayekusanya sarafu za shaba anajua kwamba ile rangi ya kahawia ni utando uliojengeka kwa miaka mingi. Ukishakwanguliwa haurudi, na bei hushuka. Alisema maneno ambayo baadaye alitamani asingeyasema, na zawadi ikaishia kwenye machozi.

Kwa siku tatu mtoto alikula kimya. Siku ya nne mama akauliza, "Mume wangu, ulimwambia lini kwamba hazisafishwi?"

Hakuwa na jibu. Swali hilo alikwenda nalo lindoni.

Miongoni mwa sarafu zake kulikuwa na nyingine ya mwaka 1787, iitwayo Fugio. Ina jua, saa ya kivuli, na neno la Kilatini lenye maana ya "ninakimbia", yaani muda. Chini yake kuna maneno ya Kiingereza yanayomtaka mtu ashughulikie kazi yake. Usiku ule aliona kwamba miaka yote amefuata maneno ya chini tu. Jumapili ngapi zilikuwa zimekimbia mlango ukiwa umefungwa?

Jumapili iliyofuata aliifungua droo, akamwita binti yake na kumwomba radhi kwanza. Kisha akamfundisha: shika ukingoni, maana jasho la vidole huharibu shaba, usioshe, weka pakavu.

Mtoto aliitazama plau kwa lenzi. "Kwani babu alikuwa na farasi?"

"Ng'ombe," baba alicheka, akaanza kumsimulia shamba ambalo hajawahi kuliona: majina ya wale ng'ombe, mistari iliyopinda, na babu aliyemrudisha kuilima upya. Mama alipoita chakula, walikuwa bado wanaongea.

Sarafu ile haikuuzwa. Imo ndani ya bahasha yake, juu imeandikwa kwa mwandiko wa kitoto: "Ya baba. Nimeisafisha mimi."

Mzazi, kabla hujamfokea mtoto kwa alichokiharibu, jiulize kama uliwahi kuketi naye ukamweleza thamani yake.