Pumzi Tunayoisikia, Uvimbe Tusiouona



Wapendwa, juma hili nilimpelekea Komunyo Takatifu mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo, ambaye kwa miaka mingi ameponda mawe ya dhahabu katika mialo ya Geita. Ana pumu kali. Mezani palikuwa na vichupa vitatu vitupu vya dawa ya kuvuta, ile ya buluu. Usiku kucha alikuwa ameketi akitafuta pumzi. Nakiri kwamba siku zote nilimhimiza avumilie tu. Nilikosea.

Dawa ile hulegeza misuli inayobana njia za hewa, mgonjwa akapata nafuu ya saa chache. Uvimbe wa ndani huuacha palepale. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haishauri tena mtu mzima atibiwe kwa dawa hiyo peke yake.

Uvimbe huo hausikiki kwa sikio, sharti upimwe. Kipo kipimo cha pumzi itokayo: nitriki oksidi ikizidi sehemu 50 katika bilioni kwa mtu mzima, yaelekea uvimbe ni wa aina inayotii dawa za steroidi. Yapo pia makohozi, ambamo huhesabiwa seli ziitwazo eosinofili. Mwaka 2002 watafiti wa Leicester, Uingereza, walitoa habari za wagonjwa 74 waliofuatiliwa mwaka mzima: kundi lililotibiwa kwa kufuata hesabu hiyo lilizidiwa vibaya mara 35, na kundi la matibabu ya kawaida mara 109.

Huku kwetu Shinyanga na Geita, kuhesabu seli hizo katika damu kwahitaji busara, kwa kuwa minyoo na kichocho huzipandisha pia. Tena vumbi la mawe huleta silikosisi, nayo hufungulia mlango kifua kikuu. Asiyepima aweza kutibu ugonjwa usiokuwapo.

Mungu alimpulizia Adamu pumzi ya uhai. Si haki tuiache ipotee kwa kuona haya, au kwa kusingizia uchawi. Uvumilivu ni fadhila, bali haushiki nafasi ya kipimo.

Alhamisi nitamsindikiza mama huyu hospitali ya rufaa. Mwombeeni. Na jirani yako akikosa pumzi, usimwambie avumilie, mpeleke akapimwe.