Chungu cha Insulini Njiani Kwihara

Akina mama wenzetu, Jumamosi moja tulitoka Tabora na binti yetu mwenye kisukari, tukaenda Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara. Insulini yake tuliiweka ndani ya chungu kidogo kilichozungushiwa kitambaa cha majimaji, isiharibiwe na joto.

Katika tembe la Kwihara, mwaka 1872, Dakta Livingstone alingoja wapagazi kutoka pwani kwa miezi mitano. Binti yetu hawezi kungoja dawa hata siku moja. Kongosho lake halitengenezi insulini.

Chini ya miembe akauliza, "Mama, na mimi nile?" Tulimpima sukari, tukamchoma sindano, tukamkatia kipande. Alicheka.

Mtoto akinywa maji mno, akikojoa sana na kukonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo.