Elfu Moja na Mia Tano

Kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikiitafuta namba moja: 1500. Si fedha, wala si idadi ya washarika. Ni alama za mchezo wa sataranji kwenye simu yangu. Najua ni jambo dogo kuandikwa katika kitabu cha imani, na nilipoombwa insha hii nilifikiri kwanza niandike juu ya maombi. Lakini juu ya maombi ningeandika ninayoyafundisha. Juu ya hili nitaandika ninayoyafanya.

Mchezo wenyewe nilijifunza ukubwani, nikiwa na miaka thelathini na minane, kutoka kwa mwanachuo mmoja aliyekuja bwenini na ubao wa kukunja. Nyumbani kwetu tulicheza drafti kwa vizibo vya soda, nami nilidhani sataranji ni drafti ya wasomi. Sivyo. Katika drafti kete zote ni ndugu. Hapa kila moja ina mwendo wake. Ngome huenda moja kwa moja, farasi huruka, na kete wanayoiita askofu hutembea mshazari tu, isikanyage mraba wa rangi nyingine maisha yake yote. (Wanachuo hupenda kuniuliza nimepoteza maaskofu wangapi wiki hii. Huwajibu kwamba hayo ni mambo ya Halmashauri Kuu.)

Nilijiunga na Lichess kwa sababu ni bure na haina matangazo, na bando la mchungaji lina mipaka. Huko kila mchezaji ana alama zake. Hesabu ya namna hii ilienezwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, na shirikisho la dunia la mchezo huu liliikubali mwaka 1970. Ukimshinda aliye juu yako unapanda sana. Ukishindwa na aliye chini yako unaporomoka. Mtu akikuzidi kwa alama 200, hesabu inatarajia kwamba katika kila pointi 100 mtakazogombea yeye atachukua takriban 76. Lichess hutumia njia ya baadaye, ya mtaalamu wa takwimu Mark Glickman, ambayo huambatanisha kila namba na kiasi cha shaka. Mgeni hupewa 1500 yenye alama ya kuuliza, na alama hiyo huondoka akishacheza vya kutosha ili ajulikane.

Nilipewa 1500 yangu kama kila mtu. Niliipoteza katika jioni nne, nikaangukia 1240. Tangu hapo nimekuwa nikipanda nirudi mahali nilipowekwa bure siku ya kwanza. Msomaji wa Kilutheri ataona mara moja mahubiri yaliyojificha hapo. Nami niliyaona, nikayahubiri hata, na hayakunisaidia kitu.

Mwaka wa kwanza nilihangaika bure. Nilicheza michezo ya dakika tano tano, kumi kwa usiku mmoja, nikidhani wingi utanifundisha. Yule mwanachuo aliniambia, kwa heshima, "Mchungaji, unarudia kosa lilelile haraka zaidi." Akanishauri nicheze michezo ya dakika kumi na tano, nifumbue mafumbo machache kila asubuhi, na juu ya yote niiangalie michezo niliyoshindwa. Hilo la mwisho lilikuwa gumu. Ipo programu iitwayo Stockfish ambayo hupitia mchezo wako hatua kwa hatua, na penye kosa kubwa unawekewa alama mbili za kuuliza. Nilikuwa nimezoea kufungua michezo niliyoshinda. Nilipoanza kufungua ile mingine nikakuta kwamba kwa sehemu kubwa sikuwa nikishindwa na werevu wa mtu. Nilikuwa nikiacha kete zangu bila ulinzi, naye mwenzangu alizichukua tu, kama mtu anayeokota embe lililoanguka njiani.

Nilijifunza pia mambo ya mwisho wa mchezo, yale yanayobaki wakati ubao umekuwa mtupu. Moja lilinifurahisha kuliko yote. Askari wa mwenzako anakimbilia ukingo wa ubao ili awe malkia, na mfalme wako yuko mbali. Utamfikia? Huna haja ya kuhesabu hatua. Chora kwa macho mraba mkubwa, ambao upande wake ni njia iliyombakia askari huyo. Ikiwa ni zamu yako na mfalme wako anaweza kuingia ndani ya mraba huo, na hakuna kinachomzuia njiani, utamkamata. Nilipolielewa nilikaa kitandani nikicheka peke yangu hadi Mama akaamka. Furaha ile ilikuwa halali. Naisema hapa kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani mchezo wenyewe ndio ulikuwa dhambi.

Nilipanda: 1300, 1400, hatimaye 1487. Hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Usiku mmoja nilipoteza malkia kwa uzembe mbele ya mtu ambaye sikujua lolote juu yake ila bendera ya nchi yake. Mchezo ulikuwa umekwisha. Mtu muungwana hukubali kushindwa na kuaga. Mimi nilikuwa na dakika sita kwenye saa yangu. Nikaiweka simu mezani, mchezo ukiwa wazi, nikaenda jikoni kuchemsha chai, ili yule mtu akae akisubiri hadi dakika zangu ziishe zenyewe. Alisubiri zote sita bila kuandika neno. Kesho yake asubuhi ilikuwa zamu yangu kuongoza ibada kanisani pale chuoni, na nilipofika kwenye maungamo niliiona ile bendera.

Wiki iliyofuata nilishuka hadi 1391 kwa kikao kimoja. Nikafungua akaunti ya pili kwa jina jingine. Nikapewa tena 1500, na alama yake ya kuuliza, na nililala usingizi mzuri sana. Baada ya wiki mbili akaunti ile mpya ilisoma 1402. Namba ilinifuata ikanikuta, kama dhoruba ilivyomkuta Yona merikebuni.

Lakini hayo yote bado yalikuwa kati yangu na simu. Nina mwana wa miaka kumi na miwili. Nilimfundisha mimi, kwa ubao wa mbao niliochongewa na fundi seremala wa jirani. Kuna askari mmoja mweusi aliyepotea, na mahali pake tunaweka kizibo cha soda. Zamani nikirudi jioni nilimkuta ameshapanga kete, ananiamkia huku mkono uko juu ya askari wa kwanza. Nami nilikuwa nikimjibu, "Marahaba, kesho mwanangu," simu ikiwa mkononi. Siwezi kusema ni lini aliacha kupanga. Hilo peke yake ni jibu.

Jumamosi moja umeme ulikatika na simu ikazima. Nikamwuliza, "Mbona siku hizi hutaki kucheza na mimi?"

Akasema, "Baba, mimi sina pointi za kukupa."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayenieleza hesabu niliyoshindwa kuielewa. Mama yake alikuwa anachambua mchele mlangoni. Mikono yake ikasimama, kisha ikaendelea.

Muhula huo nilikuwa nafundisha Samweli wa Pili, na tulikuwa tumefika sura ya 24, pale Daudi anapowahesabu watu. Nimeifundisha sura hiyo kwa miaka. Naweza kueleza kwa nini Samweli anaanza na hasira ya Bwana na Mambo ya Nyakati wa Kwanza anamtaja Shetani. Naweza kueleza habari za jeshi na kodi. Wanachuo huuliza kila mwaka: kwa nini kuhesabu kuwe dhambi, ikiwa Mungu mwenyewe alimwamuru Musa ahesabu jangwani? Nilikuwa na majibu ya wanazuoni. Mwaka huu nilisimama kwenye jambo nililokuwa nikilipita. Kazi ile ilichukua miezi tisa na siku ishirini. Yoabu, ambaye si mtu mpole, alimwuliza mfalme mwanzoni kabisa kwa nini analitamani jambo hili, na mfalme hakumjibu. Moyo wa Daudi ulimpiga baada ya namba kuletwa. Miezi tisa yote watu walikuwa nje ya mlango wake, na yeye alikuwa akingoja kuambiwa ni wangapi.

Sikuwaambia darasani habari za simu. Niliwaambia tu kwamba pengine swali la Yoabu ni zuri kuliko swali letu.

Ningependa kuandika kwamba niliacha. Sikuacha. Niliifunga akaunti ya pili, na sichezi tena baada ya chakula cha jioni. Lichess ina mpangilio wa kuficha alama zote, zangu na za mwenzangu, niliuwasha. Ni kitu cha ajabu kucheza bila kujua mtu ni mkubwa au mdogo kwako: unalazimika kuangalia ubao. Mara mbili nimeuzima ili nichungulie. Mara ya mwisho ilikuwa 1463.

Na mwanangu haikuwa rahisi. Jioni tatu nilipanga kete mimi, nikazirudisha sandukuni mimi. Jioni ya nne alikaa. Alicheza haraka, kama mtu mwenye safari, na mimi, kwa mazoea, nilikuwa nahesabu mbali huku nikiacha karibu wazi. Farasi wake akaruka katikati, akimtishia mfalme wangu na malkia wangu kwa pamoja.

Aliniangalia usoni kwanza kabla ya kuuachia. Nadhani alitaka kujua kama nitakasirika.

"Umenipata," nikasema.

Akauachia mkono farasi. Kisha akakisogeza kile kizibo kidogo, kikae vizuri katikati ya mraba wake, akangoja nicheze.